Jicho Lililofumbwa: Faida na Hatari za Lenzi za Kulalia

Lenzi za machoni, ambazo watu wengi huziita kontakti, ni visahani vyembamba vya plastiki vinavyoelea juu ya machozi mbele ya mboni na kufanya kazi ileile ya miwani ya kurekebisha uoni. Nyingi kati yake zimetengenezwa ili zivaliwe asubuhi na kuvuliwa kabla ya kulala. Lipo, hata hivyo, kundi lililokusudiwa kukaa jichoni usiku na mchana, kwa muda wa juma moja au hata siku 30 mfululizo, bila mvaaji kuzigusa. Hizo ndizo zitakazoitwa hapa lenzi za kulalia, kama zinavyoitwa nguo za kulalia, ili kuzitofautisha na lenzi za mchana. Swali linalochambuliwa ni kama raha ya kuamka alfajiri mtu akiona sawasawa inalingana na hatari ya kulala na kitu kigeni jichoni. Wataalamu wamelihangaikia swali hilo kwa zaidi ya miaka 40, na njia waliyoipita ina mafunzo mengi, kwa kuwa walitatua tatizo moja kwa ustadi mkubwa wakidhani kwamba wametatua na jingine.

Kila kitu katika suala hili huanzia kwenye konea. Konea ni kioo hai kilicho mbele kabisa ya jicho, chenye unene wa takriban nusu milimita pale katikati, na uwazi wake hutegemea sana jambo moja, nalo ni kwamba haina mshipa wa damu hata mmoja. Kiungo kisichofikiwa na damu hakina budi kupata oksijeni kwa njia nyingine, na konea huipata moja kwa moja kutoka hewani, oksijeni ikiyeyuka kwanza ndani ya machozi kisha ikapenya kwenye chembechembe za tabaka la juu. Mtu anapofumba macho usingizini, mlango huo hufungwa, na oksijeni inayobaki ni ile inayovuja kutoka kwenye mishipa midogo iliyo upande wa ndani wa kope, ambayo ni kama theluthi moja tu ya ile ya mchana. Ndiyo maana konea ya kila binadamu, awe anavaa lenzi au havai, huvimba kidogo usiku, kwa asilimia 3 au 4 ya unene wake, kisha hurudi katika hali yake muda si mrefu baada ya kuamka. Lenzi inapowekwa kati ya kope na konea, hata ile theluthi hupungua. Konea iliyokosa oksijeni huzalisha asidi ya laktiki kwa wingi, mabaki ya asidi hiyo huvuta maji ndani ya tabaka la kati, na uvimbe uliokuwa wa kawaida hugeuka kuwa ugonjwa.

Historia ya lenzi za kulalia, kwa hiyo, ilianza kama historia ya kuitafutia konea pumzi. Lenzi za kioo alizozieleza daktari Adolf Eugen Fick mnamo 1888 hazikuvumilika zaidi ya saa chache, na zile za plastiki ngumu zilizoenea katikati ya karne ya 20 hazikupitisha oksijeni hata chembe. Mabadiliko yalitoka Prague, ambako mwanakemia Otto Wichterle pamoja na mwenzake Drahoslav Lím waligundua hidrojeli, yaani plastiki inayofyonza maji na kuwa laini na nyumbufu. Mwishoni mwa mwaka 1961 Wichterle alitengeneza lenzi zake za kwanza zilizofaa akiwa nyumbani, kwa mashine aliyoiunda kwa vipande vya mchezo wa watoto na dinamo ya baiskeli, na miaka 10 baadaye, mwaka 1971, lenzi laini ziliidhinishwa kuuzwa Marekani. Katika hidrojeli oksijeni hupita kupitia maji yaliyomo ndani ya plastiki, si kupitia plastiki yenyewe. Kwa hiyo lenzi yenye maji mengi zaidi hupumua vizuri zaidi. Kwa kuifuata hoja hiyo, John de Carle wa Uingereza alibuni lenzi ya Permalens iliyokuwa na maji kiasi cha asilimia 71, na mwaka 1981 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu watu wenye macho mazima, wasiokuwa na tatizo jingine ila kutoona mbali au karibu, walale na lenzi za aina hiyo kwa hadi siku 30.

Ruhusa hiyo ilitangulia ushahidi. Mwaka 1985 Brien Holden wa Australia na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Gothenburg, nchini Sweden, ambao ubora wake ulitokana na uteuzi wa watu waliochunguzwa: walikuwa wagonjwa 27 waliokuwa wamevaa lenzi ya kulalia katika jicho moja tu kwa wastani wa takriban miaka 5, jicho la pili likiwa halina lenzi. Umri ulikuwa mmoja, damu ilikuwa moja, vumbi na usingizi vilikuwa vilevile, na tofauti yoyote kati ya macho mawili ya mtu yuleyule ilikuwa na mshitakiwa mmoja tu. Katika jicho lenye lenzi, tabaka la juu la konea lilikuwa limekonda na kupunguza matumizi yake ya oksijeni, vilengelenge vidogo visivyoonekana ila kwa hadubini vilikuwa vimejaa ndani yake, tabaka la kati lilikuwa limeanza kupungua unene, na chembechembe za tabaka la ndani kabisa, ambazo kwa kawaida hulingana kama vigae vya sakafu, zilikuwa zimepoteza ulinganifu wake. Lenzi zilipovuliwa, mengi kati ya hayo yalirejea taratibu. Mabadiliko ya tabaka la ndani kabisa hayakurejea. Wavaaji hao hawakuwa wamelalamika kwa lolote, na hapo ndipo penye uzito wa utafiti wenyewe: jicho laweza kudhurika miaka mitano bila kumwambia mwenyewe.

Pigo la pili lilikuja mwaka 1989, safari hii likihusu vidonda. Kidonda cha konea ni maambukizi, mara nyingi ya bakteria, yanayoila konea na kuacha kovu jeupe. Kovu likiwa katikati, uoni hupotea hata kama mgonjwa ametibiwa na kupona. Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka huo katika jarida la New England Journal of Medicine zilionyesha kwamba kulala na lenzi laini ndicho kichocheo kikubwa kuliko vyote. Katika majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani, kila mwaka watu 20.9 kati ya wavaaji 10,000 wa lenzi za kulalia walipata kidonda, dhidi ya 4.1 kati ya wavaaji 10,000 wa lenzi za mchana. Mamlaka ya Marekani iliipunguza ruhusa ya siku 30 hadi siku 7, na sifa njema ya lenzi za kulalia ikaporomoka.

Watafiti na watengenezaji hawakukata tamaa, kwa kuwa waliamini kwamba wanamjua adui. Tangu mwaka 1984 Holden na mwenzake Mertz walikuwa wameshapima kiasi cha oksijeni ambacho lenzi inapaswa kupitisha ili uvimbe wa usiku usizidi asilimia 4, nao walikifikisha kwenye 87 kwa vizio vinavyotumika katika fani hiyo, hali lenzi za hidrojeli za wakati ule hazikufika hata nusu yake. Hoja iliyofuata ilionekana kunyooka: konea isiyopata oksijeni hudhoofika, konea dhaifu huambukizwa, basi itengenezwe lenzi ya 87 au zaidi na maambukizi yatakwisha. Kitu kilichotakiwa kilijulikana, nacho ni silikoni, ambayo hupitisha oksijeni kuliko hata maji. Tatizo la silikoni ni kwamba hukataa maji, machozi hujikusanya juu yake matone matone kama umande kwenye jani la mgomba, na lenzi ya silikoni tupu hugandamana na konea. Ilichukua miaka mingi ya kemia kuichanganya na hidrojeli na kuulainisha uso wake ukubali machozi. Lenzi mbili za mchanganyiko huo, Focus Night & Day ya CIBA Vision na PureVision ya Bausch & Lomb, ziliingia sokoni mwaka 1999, na mwaka 2001 Marekani ikairudisha ruhusa ya usiku 30 kwa ajili yake. Ya kwanza ilipitisha oksijeni kwa kiwango cha 175, mara mbili ya kile kilichotakiwa.

Kwa upande wa pumzi, mafanikio yalikuwa ya kweli na hayapaswi kupunjwa. Ile mishipa myekundu iliyokuwa ikijitokeza kuuzunguka ukingo wa konea ya wavaaji wa zamani ilitoweka, vilengelenge vilikwisha, na uvimbe wa usiku ukakaribia ule wa mtu asiyevaa chochote. Madhara yaliyopatikana Gothenburg yalikuwa yameondolewa. Kilichobaki ni kuhesabu vidonda, na hesabu ilikataa kubadilika.

Tarakimu zenyewe zinapaswa kuwekwa pamoja ili uzito wake uonekane. Marekani mwaka 1989, kwa lenzi za zamani, ilikuwa 20.9 kwa kila wavaaji 10,000 kwa mwaka. Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999 na jarida la Lancet, ilikuwa 20.0. Ufuatiliaji wa watumiaji wa lenzi mpya za siku 30 uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulipata 18. Australia mwaka 2008, katika utafiti ulioongozwa na Fiona Stapleton na kuhusisha nchi nzima, lenzi za zamani zilizolaliwa zilipata 19.5 na lenzi mpya za silikoni zilizolaliwa zilipata 25.4, huku lenzi laini za zamani zinazovuliwa usiku zikipata 1.9 tu. Katika nchi tatu, kwa muda wa karibu miaka 20, plastiki ya zamani na ya kisasa, idadi ilizungukazunguka palepale kwenye 20. Jibu la haki kwa tarakimu hizo ni kwamba ukosefu wa oksijeni haukuwa chanzo kikuu cha vidonda. Oksijeni iliongezwa mara nyingi, na vidonda havikupungua. Basi mkosaji alikuwa mwingine, naye alikuwa usiku wenyewe.

Maelezo ya jambo hilo yapo katika kitu ambacho kila mtu hukifahamu tangu utotoni, nacho ni tongotongo. Mchana, jicho hujisafisha bila kupumzika: kope hupepesa mara kadhaa kwa dakika, zikifagia uso wa konea, na machozi hutiririka kuelekea kwenye tundu dogo lililo pembeni mwa pua yakiwa yamebeba vumbi na bakteria. Usiku ufagio husimama na mtiririko hukauka. Machozi machache yanayobaki hubadilika tabia, yakajaa kinga za mwili na chembechembe nyeupe za damu zinazoingia kwa wingi kana kwamba kuna vita, na kwa hakika vita ipo, kwa kuwa jicho lililofumbwa ni mahali penye joto na unyevu ambapo bakteria hustawi. Asubuhi, mabaki ya mapambano hayo, yaani ute, mafuta na chembechembe zilizokufa, hujikusanya kwenye pembe ya jicho na kusubiri kuoshwa. Mtu aliyelala na lenzi huyafungia mabaki hayo chini ya lenzi, dhidi ya konea, mahali ambapo kupepesa hakufiki kwa sababu lenzi laini hubadilisha machozi yaliyo chini yake kwa shida sana. Bakteria aina ya Pseudomonas, ambao hukaa katika maji na udongo na ndio wanaoongoza katika vidonda vya lenzi, hujishikiza kwenye plastiki na kujijengea utando wa kujikinga, na mabaki ya chembechembe nyeupe huwapa kitu cha kujengea. Kukicha baada ya kukicha, kwa siku 30, lenzi ni ileile na uchafu haujaondoka kikamilifu.

Inafaa kusimama kidogo kwenye maana ya 20 kati ya 10,000, kwa kuwa tarakimu hiyo imetumiwa na pande zote mbili. Anayeiuza lenzi husema kwamba watu 9,980 hawakupata kitu, na husema kweli. Lakini 20 kati ya 10,000 ni mtu 1 kati ya 500 kwa kila mwaka, na mtu havai lenzi mwaka mmoja. Anayezianza akiwa na umri wa miaka 20 na kuzilalia mpaka 30 amebeba hatari inayokaribia 1 kati ya 50. Ni kweli pia kwamba si kila kidonda hupofusha. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 waliopoteza sehemu ya uoni walikuwa 3.6 kati ya 10,000. Hata hivyo tarakimu zote hizi zilipatikana katika nchi ambamo maji ya bomba ni ya uhakika, duka la dawa liko karibu na mtaalamu wa macho huonekana ndani ya siku moja au mbili. Pseudomonas huweza kuiharibu konea ndani ya saa 48. Pale ambapo safari ya kwenda kwa daktari bingwa wa macho huchukua siku tatu, 3.6 haiwezi kubaki 3.6.

Madhara mengine ni madogo kuliko kidonda, ingawa ndiyo ya kawaida zaidi. Baadhi ya wavaaji huamka usiku wa manane jicho likiwa jekundu, likiuma na kutiririka machozi, kutokana na sumu za bakteria waliokaa kwenye lenzi bila kuwa wameiambukiza konea. Silikoni, ambayo ni ngumu kuliko hidrojeli ya zamani, huweza kuikwaruza konea sehemu ya juu chini ya kope, na wengine huota vijipele upande wa ndani wa kope vinavyowasha hadi lenzi isivumilike. Uvimbe wa konea usio wa maambukizi, kama huo unaowaamsha watu usiku wa manane, umeonekana takriban mara mbili zaidi kwa wanaolala na lenzi za siku 30 kuliko kwa wanaolala na zile za zamani kwa siku 7. Mengi ya hayo hupona lenzi ikivuliwa.

Kwa nini basi lenzi hizi ziendelee kuwapo? Kwa sababu kuna watu ambao kwao si anasa. Wa kwanza ni mtoto mchanga aliyezaliwa na mtoto wa jicho. Ukungu ukiondolewa kwa upasuaji, jicho hubaki bila lenzi yake ya asili, na lisipopewa nyingine haraka ubongo hujifunza kulipuuza, likawa jicho zima lisiloona. Miwani yake ni mizito na hukataa kukaa usoni pa mtoto wa miezi 2, na ni vigumu kwa mzazi kumtia na kumvua lenzi asubuhi na jioni huku mtoto akipiga kelele. Lenzi ya silikoni inayokaa jichoni siku kadhaa huziba pengo hilo. Nchini Marekani watoto wachanga 114 waliotolewa mtoto wa jicho katika jicho moja waligawanywa kwa kura, nusu wakapandikizwa lenzi ndani ya jicho na nusu wakavalishwa lenzi za nje, na walipokaribia umri wa miaka 5 uoni wao ulikuwa sawa, ila waliopandikizwa walikuwa wamerudishwa chumba cha upasuaji mara nyingi zaidi. Mahali ambapo lenzi za watoto hazipatikani wala kubadilishwa kwa urahisi, daktari huweza kuwa na sababu nzuri ya kuchagua kupandikiza, na uamuzi huo hauwezi kuhukumiwa kwa kipimo cha mahali pengine. Wa pili ni mgonjwa ambaye konea yake imechubuka, imetoka malengelenge au imetoka kufanyiwa upasuaji wa leza wa kuchonga uso wake, ambaye huvalishwa lenzi kama bandeji ili kope zisiendelee kusugua kidonda. Kwa wote hao, lenzi hukaa jichoni chini ya macho ya daktari, mara nyingi pamoja na dawa ya matone ya kuzuia bakteria.

Kundi la tatu ni la watu ambao kazi yao huwaamsha bila taarifa, wakiwemo wakunga, mabaharia, wazima moto na madaktari wa zamu, na inawezekana kumwongeza mama anayenyonyesha usiku. Manufaa yao ni ya kweli, ila ni sharti yapimwe kwa kitu kinachoweza kuchukua nafasi yake, na mara nyingi kitu hicho ni miwani iliyowekwa karibu na mto. Lipo jambo moja ambalo watetezi wa lenzi za siku 30 hulisema kwa haki: mvaaji wake hahitaji dawa ya kusafishia wala kikasha cha kuhifadhia, na kikasha kichafu ni chanzo kinachojulikana cha maambukizi. Mwaka 2006 na 2007 milipuko miwili ya maambukizi, mmoja wa kuvu na mwingine wa ameba, ilihusishwa na dawa za kusafishia lenzi, na dawa hizo zikaondolewa sokoni. Lenzi isiyosafishwa imeepukana na njia hiyo. Hoja hiyo ingetosha kama lenzi za siku moja, zinazovaliwa asubuhi na kutupwa jioni, zisingekuwapo. Lakini zipo tangu miaka ya 1990, nazo hazihitaji dawa wala kikasha na hazilali jichoni.

Katika Afrika Mashariki suala hili lina sura zake. Ya kwanza ni maji. Ameba aina ya Acanthamoeba, ambaye husababisha kidonda chenye maumivu makali na matibabu ya miezi mingi, huishi katika maji ya bomba, ya kisima na ya tangi, na hujificha katika hali ya kifuko ambayo dawa nyingi haziipenyi. Mvaaji wa lenzi ya mchana anaweza kuoga na kuosha uso kabla ya kuivaa au baada ya kuivua. Mvaaji wa lenzi ya siku 30 hana nafasi hiyo: kila kuoga, kila kuogelea baharini, kila kunawa uso hupita juu ya lenzi ileile. Mwislamu anayetia udhu kwa kila sala ya faradhi huosha uso hadi mara 150 katika muda wa lenzi moja, na maji ya birika au ya pipa la msikitini yakiingia machoni hufika kwenye lenzi. Udhu haudai maji yaingie ndani ya jicho. Kuyafumba macho wakati wa kunawa na kuyafuta kwa kitambaa kikavu kabla ya kuyafumbua hupunguza hatari bila kupunguza tohara, na nasaha hiyo inastahili kutolewa na kila anayeuza lenzi katika eneo hili.

Sura ya pili ni lenzi za rangi. Wengi wanaozivaa mijini si watu wasioona vizuri, bali ni wanaotaka macho ya kahawia isiyokolea, ya kijani au ya kijivu kwa harusi na sherehe, na huzipata saluni, katika maduka ya vipodozi au mitandaoni bila jicho kupimwa. Marekani ilizitangaza kisheria kuwa vifaa vya tiba mwaka 2005, hata kama hazina nguvu ya kurekebisha uoni, kwa kuwa konea haijui kama lenzi imevaliwa kwa ajili ya kuona au kuonekana. Bi harusi aliyevalishwa lenzi hizo mchana, akakaa ukumbini hadi usiku wa manane na kulala nazo kwa uchovu, amezigeuza kuwa lenzi za kulalia bila kujua, tena za aina ambayo haikutengenezwa ilaliwe hata mara moja. Hali ni hiyohiyo kwa abiria wa basi la usiku anayesinzia na lenzi zake za mchana mpaka kukicha. Watu wa namna hii hawamo katika hesabu ya wavaaji wa lenzi za kulalia, ila macho yao yamo.

Sura ya tatu ni ya kijiografia. Kadiri mtu anavyosogea kuelekea ikweta, ndivyo kuvu wanavyochukua sehemu kubwa zaidi ya vidonda vya konea, na kidonda cha kuvu huchelewa kutambuliwa na dawa yake haipatikani kila mahali. Konea ikishaharibika, tiba iliyobaki ni kupandikiza konea ya marehemu, na duniani kote kwa kila konea 1 inayopatikana kuna takriban wagonjwa 70 wanaoihitaji. Nchi tajiri ndizo zinazochukua sehemu kubwa ya hiyo iliyopo.

Kwa kuyapima hayo yote, uamuzi unaobaki hauna utata mkubwa. Mtoto mchanga aliyetolewa mtoto wa jicho na mgonjwa mwenye jeraha la konea wana haki ya lenzi ya kulalia, na hatari yake inalipwa na wanachokipata. Mfanyakazi ambaye kweli hawezi kuvaa miwani anaweza kuitumia kwa masharti, akianza na usiku mmoja mmoja, akichunguzwa mara kwa mara, asiwe mvutaji wa sigara, kwa sababu tafiti zimeonyesha kwamba wavutaji huambukizwa zaidi, na asilale nayo siku ambayo ana mafua au jicho limeanza kuwasha. Mtu mwingine yeyote mwenye tatizo la kawaida la uoni hana sababu ya kuizidisha hatari yake mara tano hadi kumi kwa ajili ya dakika mbili za asubuhi. Lenzi ya siku moja itamfaa kuliko hiyo. Ikilinganishwa na lenzi nyingine za mchana, haijaonyeshwa kupunguza idadi ya maambukizi, lakini wanaoambukizwa wakiivaa hupoteza uoni mara chache zaidi. Miwani humfaa kuliko zote mbili pale ambapo maji na daktari viko mbali.

Anayelala na lenzi, kwa kukusudia au kwa kupitiwa, anapaswa kujiuliza maswali matatu kila asubuhi mbele ya kioo: kama jicho ni jekundu, kama linauma au kuchomwa na mwanga, na kama linaona sawa na jana. Jibu la swali lolote likiwa baya, lenzi itolewe wakati huohuo wala isirudishwe, pasitiwe dawa ya matone iliyobaki nyumbani, kwa kuwa yenye steroidi huipa maambukizi nafasi ya kuenea, na safari ya hospitali yenye huduma ya macho ifanyike siku ileile. Lenzi yenyewe isitupwe. Ibebwe pamoja na kikasha chake kama kipo, kwa sababu maabara huweza kuotesha kutoka kwenye plastiki hiyo mdudu aliyeko jichoni, na daktari akimjua mapema huchagua dawa sahihi tangu tone la kwanza.